Cheti Kilichokataa Kupita

Zena wangu,

Kwanza ujue ni mimi mwenyewe ninayeandika, kwa mkono wangu, sikumtafuta mtu wa kuniandikia. Wale waliokuwa wanacheka kwamba Rajabu aliishia darasa la pili, waje waone. Nimeanza asubuhi, sasa adhana ya alasiri imepita, na kalamu bado inatembea. Bahasha sikuifunga. Mama Asha ndiye atakayeibeba mpaka Kigoma akaitie posta kule, na kwenye kila bariye barabarani askari watataka kuisoma, sasa ya nini kupoteza gundi? Wasome. Ndiyo maana kuna watu sitawataja. Wewe utajua nimeruka wapi.

Leo ni siku ya tisa simu zimekatika. Goreti amefunga ile nyumba yake ya mashine za intaneti, ameandika kwa chaki mlangoni "hakuna laini". Kila siku natoka Musaga kwa miguu mpaka Bwiza kuangalia kama chaki imefutwa. Haijafutwa. Kwa hiyo mpaka saa hii sijui wale watu wa ofisi ya wakimbizi huko uliko walikujibu nini ile Jumatano, na usingizi umenihama.

Nakukumbuka mdogo, pale garaji, umekaa juu ya tairi na gauni la Idi, mama yako anapiga kelele kwamba oili haitoki kwenye nguo nyeupe. Uliniuliza, "Baba, unajuaje kama kimeharibika hapo?" Nikakwambia fundi hajui, fundi anatafuta. Anaanzia kwenye tangi, anafuata mpira wa mafuta mpaka kwenye kabureta, anabadilisha kitu kimoja tu, anapiga stata. Akibadilisha viwili, hatajua kipi kimeliponya gari. Ukaniuliza tena, "Na gari likikataa?" Nikacheka. Gari gani limewahi kunikataa mimi? Lile lori la mchanga lililolala miaka miwili, mafundi watatu wamelikimbia, nani aliliamsha? Mji mzima unajua.

Nakukumbuka pia ulivyofika Musaga kutoka Kinanira, miguu mitupu, hulii. Waliobisha kwenu walikuwa wamemtaja mume wako kwa jina, kwa sauti ya kirafiki, na Athumani akafungua. Hakurudi ndani. Siku ile nilikushika mabega nikakwambia: tangu leo, mtu akibisha na kutaja jina, hufungui. Hata akisema ni mimi. Ukaitika kwa kichwa. Sikujua kwamba neno lile utalibeba mpaka Ulaya.

Kabla hujaondoka ulinipeleka kwa Goreti ukanifundisha kuongea na wewe kwenye mashine. Ulinichorea karatasini, bonyeza hapa, ngoja, bonyeza hapa. Karatasi hiyo ninayo, imekuwa kama kitambaa. Goreti, unajua mdomo wake, mwalimu wa zamani, alisema, "Zena, huyu Mzee atanivunjia mashine, anabonyeza kama anafunga nati." Wiki mbili baadaye nilikuwa naandika na wewe bila kumuuliza mtu. Kwa kidole kimoja, ndiyo. Lakini kidole kimoja cha fundi.

Halafu ile Jumatatu ukaandika maneno ambayo bado nayaona nikifumba macho. "Baba, wanasema mi siyo mutu ninayesema ndiye mi. Wanataka cheti cha kuzaliwa. Jumatano saa ine asubui. Nikikosa, wananirudisha." Nilisoma mara tatu. Nikaweka mkono juu ya kioo cha mashine, kama vile nikikiziba hayo maneno yatakufa.

Cheti nilikuwa nacho, kwenye kopo la maziwa nyumbani, nikaenda nikarudi nalo. Faksi haikufaa, ule muhuri wa zambarau ungetoka doa jeusi, na wewe ulisema lazima rangi ionekane. Kwa barua ya intaneti nako, sanduku la Goreti lilikuwa linatapika kila picha nzito. Akasema iliyobaki ni moja, kwenye ile programu ya kuongea, kutoka mashine yangu moja kwa moja mpaka yako, mkono kwa mkono. Akakiweka cheti chini ya ile taa inayotembea, kikawa picha. Akaniuliza picha tuiite nani. Nikataka iitwe Cheti cha Zena binti Rajabu, Fundi Mkuu wa Bwiza. Akasema, "Mzee, jina refu hivyo na mapengo yake mashine nyingine hazilipendi." Tukabishana. Akaandika "zena" tu, akabonyeza.

Nikakuuliza umeona? Ukajibu, "Sioni kitu." Tukarudia mara tano. Sioni kitu, sioni kitu. Kwangu inasema inangoja, kwako hakuna hata kivuli. Nikaanza kumlaumu Goreti, nikailaumu mashine, nikaipiga kidogo ubavuni.

"Mzee! Hapa si garaji!"

"Sijaipiga, nimeigusa."

"Basi uguse na akili pia. Muulize mutoto, siku anaweka hii programu, ilimuuliza nini?"

Nikakuuliza. Halafu ikaja: "Iliniuliza kama mutu akibisha na kitu mukononi, imupitishe. Nikasema apana, na isiniulize tena. Baba, si ulinikataza?"

Nilimwambia Goreti kuna vumbi, limeniingia machoni. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa na wewe, na komeo lilikuwa langu. Nikakuandikia: fungua, mara hii ni mimi kweli. Ukaniuliza, nitajuaje? Wewe, na mimi, tulikuwa tunaongea hivyo hivyo, na bado ukauliza. Nikakwambia mama yako alivyokuwa anakuita ulipokuwa mtoto, jina ambalo hata hapa sitaliandika. Ukafungua. Lakini ilikuwa saa ya watu kukimbilia nyumbani kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, nikaondoka.

Jumanne asubuhi bunduki zilikuwa zinalia huko juu milimani. Nilipanda njia nikateremka njia, kopo kifuani, natembea karibu na kuta. Mi, ambaye wote wananijua kwa kutembea katikati ya barabara.

Tukatuma. Safari hii uliona. Ukaandika, "Imekuja! Nimekubali!" Tukangoja asilimia zipande. Sifuri. Sifuri. Halafu ikakatika. Tena. Sifuri, ikakatika. Saa zinakwenda. Wewe ukaanza kuandika maneno mafupi mafupi. Ukaandika, "Labda Mungu hataki." Hapo nikakasirika. Nikakuandikia kwamba kabla hatujamsingizia Mungu tufuate mpira kutoka kwenye tangi.

Labda mzigo ni mzito? Tukatuma kapicha kadogo ka ua, kepesi kama unyoya. Kakakatika. Kwa hiyo si mzigo. Labda programu yangu imechoka? Goreti akanihamisha mashine nyingine. Ikakatika. Kwa hiyo si mashine ile. Nikafikiri nikasema, tugeuze. Nitumie wewe kitu. Na picha yako ikaja, Zena, mara moja, bila kukwama, umevaa koti kubwa kama la askari wa zamu, umekonda. Sikuitazama vizuri, nilikuwa na furaha ya kijinga, nilipiga meza. Bomba ni zima! Linapitisha kuja, halipitishi kwenda. Nikamwambia Goreti, sasa niambie maji yanapita wapi, usinifiche kitu, nionyeshe waya.

Akanionyesha. Mashine zake saba, sita za ndani zote zinapita kwenye ile moja ya mlangoni, ndiyo peke yake yenye waya wa nje. Na huyu mwanamke akanieleza kitu ambacho kama angenieleza Jumatatu tungelala. Kwamba katika kutuma huku, anayetuma haendi. Anasimama na mzigo wake, na yule wa kule ndiye anayekuja kuuchukua. Wewe ulikuwa unakuja, mwanangu. Kila mara ulikuja mpaka Bwiza, unafika kwenye mashine ya mlangoni, unauliza Rajabu yuko wapi, na ile mashine haijui ni chumba gani, inakurudisha. Lakini ulipotuma wewe, mi ndiye niliyetoka nikaja kuchukua kwako, na anayetoka haulizwi.

"Si inawezekana kuielekeza ile ya mlangoni ikulete chumbani?" nikamuuliza.

"Inawezekana kwa anayejua. Aliyeipanga amekimbia, namba za siri ameondoka nazo kichwani."

"Basi nakwenda kukaa mlangoni."

Goreti akanitazama. Unaijua ile nafasi. Iko kwenye kioo cha dirisha, inatazama barabara yote, na tangu risasi ilipokitoboa kile kioo hakuna aliyekaa pale, hata mwenyewe. Na bunduki zilikuwa zimeshuka kutoka milimani, zimekaribia. Wateja walikuwa wameshaondoka. Nikakaa, tukatuma tena.

Asilimia moja. Mbili. Ilikuwa inakwenda, Zena! Polepole kama mgonjwa, lakini inakwenda. Goreti akachomoa waya za zile sita ili njia yote iwe yetu. Akasema anataka kufunga. Nikamwambia afunge, aniache ndani.

"We ni kichaa, Mzee."

"Mi ni fundi."

"Fundi kichaa." Akashusha bati la mlango nusu, akabaki.

Sasa nitakuambia kitu. Uliniuliza siku ile kwa nini nilinyamaza kuanzia asilimia hamsini na nane. Uliandika, "Baba? Baba uko? Baba jibu." Baadaye nilikuandikia kwamba nilikwenda kunywa chai, ukacheka, ukasema baba yangu haogopi kitu. Zena, sikunywa chai. Bomu lilianguka mtaa wa pili, kioo chote kikaingia ndani, na mi nilikuwa chini ya meza uso kwenye sakafu. Plagi ya ile mashine ilikuwa imelegea, ukiigusa taa inapepesa, basi niliishika kwa mikono miwili nikaigandamiza ukutani. Nikaanza Ayatul Kursi. Nimeisoma tangu sijaota meno ya utu uzima, na ikanipotea katikati. Nikaanza upya, ikapotea pale pale. Goreti alikuwa ananong'ona rozari yake, na kila akimaliza kumi anainua kichwa ananisomea kioo cha mashine: "Sabini na mbili. Mutoto anaita, Mzee. Anaita baba."

Sikukujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza niliogopa nikigusa kitu kitakatika. Ya pili ni kwamba mikono yangu isingeweza kuachia ile plagi hata ningeambiwa nyumba inaungua. Niliogopa, mwanangu. Hata siku mama yako anakata roho sikuogopa hivyo. Nilikuwa naona sura yako kwenye ule mlango wa Kinanira, na mtu anakutaja kwa jina kwa sauti ya kirafiki.

Goreti akasema mia. Mi sikuinuka mpaka aliposoma maneno yako: "Imefika. Muhuri unaonekana, zambarau kabisa. Baba, uko?" Nikatambaa juu ya vioo nikaandika kwa kidole: chai ilikuwa ya moto.

Asubuhi yake, kabla ya saa nne yako, laini ikafa. Basi. Hapo ndipo ninapoishi sasa, kwenye ile saa nne.

Mchana nawaambia watu garaji kwamba mwanangu amepita, amekubaliwa, nilimtumia cheti chini ya mabomu. Nawaambia kwa sauti kubwa, nawaonyesha ndani ya gari mfano wa ule mlango na vyumba vyake. Wanacheka, wananiita Bwana Intaneti. Kisha ndege ikipita juu kuelekea uwanjani, spana inanisimama mkononi. Kila ndege nafikiri ni ile waliyokupakia. Juzi mwanamke alishuka kwenye taksi hapa mbele, koti kubwa, mkoba mmoja, na mi nikajificha nyuma ya gari ili nisimwone ni nani. Hakuwa wewe. Nilikaa pale chini muda mrefu, namshukuru Mungu kwamba hakuwa wewe, na huku ndani kitu kinanikata.

Wazazi wengine hapa Bwiza wanaomba watoto wao warudi. Nawasikia msikitini, nami naitika amina. Dua yangu naiomba kimoyomoyo, kwa sababu hata kutamka naogopa. Naomba nisikuone. Naomba nizeeke, nife, wanizike, na wewe uwe huko na koti lako. Kama wamekukubali, usije hata kwa mazishi. Kama wamekukataa na barua hii inakukuta njiani, shuka popote, kwa watu wowote, kabla hujafika huku.

Sasa natoka kumpa Mama Asha, maana kesho magari yanaondoka mapema na barabara haisemeki. Kula vizuri. Ile picha niliitazama baadaye, umekonda sana.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda huko huko uliko,
Rajabu