Maneno Matatu: Shamba la Baba

Jumapili, Morogoro. Mvua ndogo ndogo, mlima hauonekani.

Lakini hakunifokea. Ndicho kinachonitisha zaidi. Jana Deo wangu alikata simu ya mjomba wake, akaiweka mezani taratibu kama anaweka yai, akaniambia tu, "Ngoja nikuchemshie chai." Mume gani huyu, hasira zake anazipeleka kwenye birika! Nampenda mpaka kifua kinauma. Na leo naogopa kwamba nimemharibia kwao.

Tangu asubuhi wingu limeifunika Uluguru mpaka chini. Chumba hiki tulikipanga kwa ajili ya dirisha lake, Deo alisema ataniamsha kila siku na milima yao. Leo dirishani ni weupe mtupu. Kanisani nimekwenda, nimerudi, mahubiri siyakumbuki.

Niandike yaliyotokea.

Kazi yangu ni kubuni matangazo yasiyofanana na matangazo. Ndivyo ninavyowaeleza watu wa nyumbani Rombo wanapouliza niliishia wapi baada ya kidato cha nne. Mteja analeta bidhaa, mimi nakaa nawaza: nani atainunua, anapenda nini, ana hamu ya nini, nimwonyeshe nini kabla kidole chake hakijaipita video. Nimeshajifunza kwamba ukianza na pakiti, mtu anapita. Ukianza na mtu, na mikono yake, na jambo dogo la kweli, anabaki. Pakiti inaweza kusubiri mwishoni.

Tulipopata mteja anayefungasha viungo vya chai, nilijua papo hapo. Baba mkwe! Yuko Matombo, ana midalasini aliyoipanda kwa mikono yake, na anavyobandua gome kwa kile kisu chake kifupi huku akiimba puani, ukimtazama unasikia harufu. Tulipanda mlimani huko mimi na Deo, safari niliyoiita fungate yetu ya pili. Nikarekodi, Deo akinishikia mwavuli. Nilijaa furaha hata nikambusu mbele ya baba yake, halafu nikatamani kujificha nyuma ya mgomba.

Juu ya picha niliandika maneno matatu tu: Shamba la baba.

Sikuyafikiria hata kidogo. Kwetu Rombo shamba ni la baba, na kabla yake lilikuwa la babu, na ukilitaja moyo unapata joto. Nilitaka mtu aliyeko Dar, na kikombe chake mkononi, amkumbuke baba yake.

Na walikumbuka. Video ilisambaa. Watu waliandika chini yake habari za baba zao, wengine wameshatangulia mbele za haki. Bosi wangu, Dada Rehema, alinisimamisha mbele ya ofisi nzima: "Bi harusi, kumbe ndoa inaongeza akili!" Mteja akasema maneno hayo anayataka kwenye pakiti mpya.

Jana mchana Mjomba Severini akapiga simu. Ni kaka mkubwa wa mama mkwe. Deo akaweka sauti ya juu ili na mimi nimsalimie.

"Shikamoo, mjomba," Deo akaanza.

"Marahaba. Mkeo yupo hapo?"

"Yupo, anakusikia."

"Vizuri. Hebu aniambie, baba yako kalinunua lini lile shamba?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani. Mjomba ni mtu wa utani, siku ya harusi aliniuliza kama nimekuja na mgomba wangu kutoka Uchagani.

"Mnacheka. Mimi watu wananijia mlangoni. Wanasema nimemuuzia shemeji ardhi ya lukolo kimyakimya. Mtu mzima na mvi zangu, watoto wananinyooshea simu, 'babu, soma hapa.'"

"Mjomba, lile ni tangazo tu," Deo akasema.

"Tangazo si kutangaza? Basi limetangazwa. Ukoo utakaa mwisho wa mwezi."

Chai ilipoa wakati Deo ananieleza. Lukolo ni ukoo, na kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Ardhi nayo inafuata mama. Shamba lile ni la ukoo wa mama mkwe, baba mkwe alilikuta kwa kuoa na analima kwa ridhaa yao. Angelima mahindi tu pasingekuwa na neno, mahindi yanavunwa yanaisha. Mti unabaki umesimama. Wapo ambao miaka yote wananung'unika kwamba shemeji anapanda midalasini ili naye aote mizizi pale. Sasa wameona sura yake, miti yake, na maneno yangu juu.

Yeye mwenyewe hajawahi kuliita shamba lake. Nimerudi kusikiliza nilichorekodi. Anasema waziwazi, anacheka: "Huku kwa mama Deo mdalasini unakubali." Nilikikata kipande hicho kwa sababu ya kelele za mvua.

Nilikuwa na maneno ya kweli mkononi, nikayatupa, nikaandika ya kwetu.

Tangazo zuri ni lile linaloaminiwa. Hili limeaminiwa.

Wakimwambia aiachie ile miti, ataanza wapi upya, na umri ule? Ataenda kwa wajomba zake akaombe kipande cha kulima? Na Deo, kila akimtazama baba yake, ataniona mimi vipi? Sijamuuliza. Ananishika mkono na mimi naogopa kuuliza.

Nilipotoka kanisani nilimpigia Dada Rehema nikamwomba tuiondoe video. "Bi harusi, tangazo linakimbia lenyewe, wewe unalifunga miguu?" Nikamweleza yote. "Itoe sasa hivi. Mteja nitazungumza naye kesho. Ila habari za pakiti sikuahidi." Nimeitoa. Lakini watu wameshaihifadhi, wameshatumiana, na pakiti zikichapwa zitafika mpaka maduka ya Matombo.

Kisha nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Basi nikalia. Aliniacha nilie. Nikamwambia nitakuja nipige magoti, nitarekodi nyingine nzuri zaidi, nitamweka yeye mbele, nitaandika shamba la mama.

"Video tena?" akasema. "Uje na mdomo wako. Uwasalimie mmoja mmoja, wakusikie mwenyewe ukisema shamba ni la nani na nani aliyeandika."

"Na wasiponisikia, mama?"

Nikamsikia akiweka sufuria chini.

"Sijui, mwanangu."

Nilitaka aniambie usiogope. Hakuniambia. Naye anamwogopea mume wake, kama mimi ninavyomwogopea wangu.

Nitakuja, mama. Deo akipata ruhusa kazini tutakuja wote, asipopata nitapanda peke yangu. Kabla mwezi huu haujaisha, kabla hawajakaa, utaniona nimesimama hapo uani kwako.