Ordinateur na Filimbi Yangu

Siku ya ine, mangaribi

Hapana, sitakubali. Hata mutoto yangu akikasirika.

Mireille alileta ordinateur, ile machine ya kompyuta, akaiweka pembeni ya train yangu ya kidogo, ile nilitengeneza mu salon ya nyumba yetu na waya na mikebe ya sardine. "Papa, pumzika," anasema. "Ordinateur itawasha taa, itafungua njia, itaondosha train. Weye utaangalia tu."

Kuangalia tu! Mi, chef de gare, mukubwa wa stesheni ya train!

Tangu pillage, wakati watu balipora muji, train ya kweli haipite tena. Ku gare yetu hakuna muntu. Balibeba hata milango. Sasa na gare ya mu salon, anataka ibakie bila muntu?

Nilimuachia taa. Nilimuachia na aiguillage, ile inageuza train ku njia ya Kambove, juu vidole vyangu vimezeeka, kusema kweli. Lakini kuondosha train, ile haiko kazi ya machine. Machine haiwezi kuona mama mwenye angali anakimbia na muzigo, ikamungojea.

Njo nikavaa képi yangu, kofia ya chef, nikapiga filimbi yangu ya kazi, na nguvu yote. Nikaiachilia na mukono wangu, train ikaondoka muzuri.

Kiisha, mulango ukagongwa. Mama Ngoie, jirani yetu, pumzi juu juu, mufuko ya unga ku kichwa.

"Papa chef, nilisikia filimbi. Train ya Kambove imerudia? Mama yangu eko mugonjwa kule."

Mireille akamupokea mufuko. Ordinateur iliendelea tu kuwasha taa zake.

Imujibu yo ordinateur, basi, kama inajua kazi yangu.