Uso kwa uso na mshtaki

Thornton Heath, Jumanne

Nina furaha kubwa. Dada Rehema amerudishwa kazini.

Alikuwa amesimamishwa tangu wiki iliyopita. Mwanamke mmoja, ambaye baba yake anaishi kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Rehema huku ughaibuni, alilalamika kwamba Rehema alimfokea mzee huyo, na meneja akaamini bila kumuuliza Rehema hata neno. Leo nilimsindikiza kwenye kikao. Mimi ni mwanafunzi wa sheria tu, na niliogopa kwamba ningemharibia.

Meneja alitaka tumalize haraka. Hapo nikakumbuka somo la sheria za Kirumi.

"Warumi wa kale," nikamwambia, "hawakumhukumu mtu kabla hajakutana uso kwa uso na anayemshtaki, akapewa nafasi ya kujibu. Tunaomba hilo tu."

Meneja akampigia simu yule mwanamke. Kwa bahati alikuwa hapo hapo chini, amekuja kumwona baba yake. Akapanda ngazi, akamwangalia Rehema, akabadilika uso.

"Siye huyu," akasema. "Nilichanganya majina. Yule alikuwa mrefu, Mwafrika pia."

Tulipotoka nje Rehema alinikumbatia. "Mdogo wangu, hao Warumi wako wangekuwa hai ningewapikia pilau."

Tumecheka njia nzima ndani ya basi. Ila sasa watamtafuta huyo mrefu, na yeye huenda hana mtu wa kumsindikiza. Nilipomwambia Rehema, aliacha kucheka.

"Basi tutakwenda naye," akasema. "Mimi na wewe."