Mzee Alisema Neno Moja, Nyumbani Likafika Lingine

Mpendwa Shangazi Agnesi,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi habari za kazi. Naomba msaada wako, na naomba jina langu usilitoe. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza Lucky, darasa la saba nimemaliza, nauza zipu, vifungo na nyuzi hapa Mchafukoge, na barua hii nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu anayeniandikiaga meseji ni binti yangu Matilda, na hii siwezi kumpa aandike.

Shangazi, huyu mtoto anachora. Sisemi kwa sababu ni wangu, muulize yeyote. Ana miaka mitatu alichora kuku kwenye kadi yake ya kliniki, nesi akaacha mzani akaita wenzake waje wamwone yule kuku, na tangu siku ile sijawahi kununua pazia bila kumuuliza. Sasa ana ishirini na nne, hajaajiriwa na mtu, anafanya kazi za kujitegemea, mtu anampigia anamwambia nataka hiki, anamchorea, wanaagana. Meza yake iko dirishani, ghorofa ya tatu, na asubuhi mwanga ukipita kwenye zile glasi zake za maji ya rangi ukuta wetu wote unakuwa wa kijani na zambarau, mimi nakaa na chai yangu mpaka inapoa, naona kama tunaishi ndani ya kitambaa.

Basi jirani yangu wa dukani ni Mzee Umakant, anauza vitenge vya jumla, miaka kumi na moja tunasalimiana. Mwezi uliopita akaniambia anatafuta mchoraji wa vitenge vyake, kitu ambacho hakiko duka lingine. Nikamwambia mzee, mchoraji unaye, anakula ugali nyumbani kwangu. Nikamwonyesha picha za kazi zake kwenye simu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Mama Lucky, huyu binti ana mkono. Lakini mwambie asubiri kwanza. Mkwe wangu Jinal anaandika mkataba, tukisaini pande zote mbili ndiyo aanze."

Hayo ndiyo maneno yake, Shangazi, nakuapia. Nikafunga duka nikaondoka, na hapa ndipo sijui nieleze vipi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, barabara zote za Kariakoo zinang'aa, na kila mwanamke aliyepita nikamwona amevaa mchoro wa Matilda, muuza mihogo amejifunga, bibi harusi na mashangazi zake wameshona sare, kwaya ya akina mama ya kanisani kwetu imesimama yote imemeremeta, mimi mstari wa mbele, na watu wananong'onezana yule pale ndiye mama yake. Nikawa natembea kama sikanyagi chini. Na kila nilipopita, neno moja la mzee likadondoka. Kwenye maduka ya viatu nikaacha "tukisaini", kwa wauza kahawa nikaacha "asubiri", na nilipofika kwenye ngazi zetu lilikuwa limebaki moja tu, "aanze".

Nikalifikisha hilo.

Matilda akaniuliza, "Mama, mkataba wameshasaini?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi na yule mzee miaka kumi na moja, unataka karatasi ya nini? Amesema uanze."

"Amesema hivyo kweli?"

Nikakohoa, nikaenda kuangalia maharage.

Akaanza. Wiki tatu, michoro tisa, hali vizuri, halali vizuri. Onesphory, yule mwenye karakana ya kuchapa fulana kule Ilala, alimletea barua ya kazi ya miezi mitatu, imeshasainiwa na muhuri juu, Matilda akamrudishia, akamwambia asante kaka, mimi nina kazi tayari. Na mimi nilipiga vigelegele.

Ule mchoro wa tisa ndio ulioniua. Ni majani ya isale, lile jani refu ambalo sisi Wachaga tunapanda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Ameyapanga yanafuatana, kijani, pembeni wekundu mwembamba kama uzi, na ukiyatazama kwa muda yanaanza kutikisika, mpaka nikasikia ubaridi wa kwetu miguuni, hapa hapa Dar es Salaam na joto hili. Nikaona mchoro huu lazima mzee auone. Na kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Matilda alipotoka kununua brashi nikaukunja kwenye gazeti kama napeleka samaki, nikampelekea. Mzee akafurahi kama mtoto, akaubandika ukutani juu ya kaunta.

Kesho yake Celina fundi cherehani akaja kununua zipu. Akanitania kama kawaida yake, "Mama Lucky, leo unauza zipu au unauza Matilda?" Halafu akasema, "Ule mchoro pale kwa mzee, wateja wanaupiga picha na simu zao." Nikaenda mbio. Kweli, mama mmoja nimemkuta kainua simu. Na pale pale Jinal akatokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, kumbe binti ameshaanza? Nani alimwambia aanze? Sisi tunataka michoro mitatu tu, tena ya maua. Mkataba nimeumaliza jana, Jumamosi nampigia mwenyewe nimweleze vizuri."

Jumamosi, Shangazi. Matilda atajua kwamba hakuna mtu duniani aliyemwambia aanze isipokuwa mama yake mzazi. Tangu jana anautafuta ule mchoro, ameinua magodoro, amehamisha kabati, na mimi namsaidia kutafuta. Ananiambia pole mama, unachoka. Naogopa akishajua atakunja meza yake ahame, na ukuta wangu ubaki mweupe. Nimefikiria niseme mzee ndiye aliyesahau alichoniambia, si ni mzee, nani atashangaa? Nisaidie, nafanyaje?

Mama wa msanii, Mchafukoge

*

Mama wa msanii,

Umeniomba nisitoe jina lako, kisha ukanipa mtaa, biashara, ghorofa na kuku wa kwenye kadi ya kliniki. Majina yote nimeyabadilisha, lakini binti yako akilishika gazeti hili atakujua kabla hajafika kwenye pazia. Leo Alhamisi. Huna mpaka Jumamosi, una mpaka atakapolisoma.

Nimekuelewa, mama. Hata mimi nilipofika kwenye ile kwaya nilijiona nimesimama nyuma yako. Kumwotea mtoto mema hakuna anayekulaumu. Ila wewe ndoto yako uliibandika jina la mzee wa watu, ukamkabidhi binti kama oda, naye akaikalia wiki tatu mgongo ukimuuma. Halafu unamsaidia kuinua magodoro! Ungekuwa mbele yangu ningekufinya.

Na hilo la kumsingizia mzee kusahau, lifute. Yeye ndiye pekee hapo aliyesema mambo kwa utaratibu. Alisema asubiri. Miaka kumi na moja ya salamu unataka kumlipa hivyo?

Matilda naye ana sehemu yake, na utamsomea hapa. Binti, anayejitegemea hapokei kazi kwa mdomo wa mtu wa tatu, hata akiwa mama yake. Meseji moja kwa mzee, "naomba unithibitishie", ingekuokoa. Jumamosi zungumza na Jinal mwenyewe, mama abaki na zipu zake. Karatasi iseme michoro mingapi na ya nini, wakitaka kubadilisha ni mara ngapi, unalipwa lini, na mchoro usiotakiwa unabaki wa nani. Mpaka hapo yote tisa ni yako. Iandike jina na tarehe, ipige picha, na huo wa isale upeleke kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki uulize namna ya kuulinda. Onesphory mpigie leo. Huenda bado hajapata mtu, huenda amepata, lakini upige wewe, asikupigie mama.

Sasa turudi kwako. Mimi nimeolewa Kilimanjaro, kwa hiyo isale usinifundishe. Shemeji yangu Elimringi alipogawiwa kipande chake, masale yalipandwa mpakani siku ile ile, jembe likafuata. Hakuna aliyeona kwamba ndugu wananyimana imani. Mkataba ni masale, mama. Unapandwa kwanza, kila mtu ajue anaishia wapi, ndipo jasho limwagike. Mwanao amelichora jani zima mpaka linatikisika, wewe ukalitazama ukaona zawadi ya kumpelekea mzee.

Na kuna kazi nyingine ya jani hilo ambayo hukuiandika, nadhani kwa sababu unaijua vizuri. Mchaga akimkosea mtu kosa zito, anachuma isale, anakwenda nalo mkononi kuomba msamaha, na aliyekosewa akiliona hata kumkatalia ni vigumu. Usihangaike kulitafuta mjini. Liko juu ya kaunta ya Mzee Umakant.

Funga duka sasa hivi. Mwombe mzee radhi, libandue taratibu lisichanike, libebe wazi mkononi, usilifunge kwenye gazeti tena. Pita kwa wauza kahawa, pita maduka ya viatu, na safari hii usidondoshe kitu. Mfikishie Matilda jani lake na maneno ya mzee yote, kuanzia "asubiri". Anaweza kukasirika siku mbili, na ana haki. Akinyoosha mkono akalipokea, nyamaza. Kaa na chai yako, mwache yeye aseme lini anaanza.