Mkono Wangu Kwenye Mkanda wa Bhanwar

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Pune, Jumatatu tarehe 30 Septemba 2019, asubuhi.
Jina: Madhav Tukaram Kharat
Umri: Miaka 34
Kazi: Mpanda farasi wa mashindano
Makazi: Ghorpadi, Pune

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Inspekta Sunita Jagtap amenieleza kwamba kuna watu walioleta malalamiko kuwa jana nilimzuia kwa makusudi farasi Vanraj asishinde, ili walionituma wafaidike. Hakuna aliyenituma. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo nimeombwa nisilitaje.

Aliyempanda Vanraj ni Bhanwar Devasi. Tulijifunza kazi hii pamoja tukiwa vijana, tukilala chumba kimoja nyuma ya mazizi. Yeye ni mtu wa Marwar, mimi wa Satara, lakini huniita kaka, na mkewe Kesar mimi humwita shemeji. Bhanwar ana mifupa mikubwa. Katika kazi yetu huo ni mkosi ambao mtu hazaliwi nao mara moja, anaamka nao kila siku.

Kwa mbio za Jumapili, Vanraj alipangiwa kilo hamsini na moja, tandiko likiwemo. Bhanwar hakuwa amewahi kushuka hadi hapo tangu msimu uanze. Ijumaa, baada ya mazoezi ya alfajiri, mwalimu wa farasi, Bwana Sohrab Mistry, alimwambia mbele yangu kwamba asipozifikia kilo hizo atampandisha mtu mwingine, na huyo ndiye atakayeendelea na Vanraj hadi mbio za Mumbai. Hakufoka. Alisema hayo huku akimpapasa farasi shingoni.

Jumamosi mchana nilimkuta Bhanwar katika chumba cha mvuke. Alikuwa amevaa koti la mvua juu ya sweta mbili. Asubuhi alikuwa ameshakimbia na mavazi hayo hayo, mvua ikinyesha. Watu mjini walikuwa wanajiandaa kwa mfungo wa Navratri, naye akanitania kwamba wao wanafunga siku tisa wanajiita wacha Mungu, je, sisi tunaofunga mwaka mzima tuitwe nani? Nilicheka. Kisha nikaona hatoki jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu kama gunia, ndani ya mvuke ule.

Alipovuta taulo, vilidondoka vidonge. Nilimuuliza ni vya nini. Akasema ni vya kukojoza, vinakausha maji mwilini, vinashusha kilo mahali ambapo jasho limegoma. Vidonge hivyo vimepigwa marufuku kwetu. Nilimwambia amwachie mtu mwingine farasi huyu, farasi wapo wengi.

Akaniambia, "Kaka, wewe Mungu amekuumba mdogo, unakula chapati yako unalala. Mimi nikikataa farasi mmoja leo, kesho wamesahau hata jina langu."

Ni kweli.

Jumapili alipita kwenye mzani. Msimamizi aliandika kilo, Bhanwar akatabasamu, akarudi katika chumba chetu cha kuvalia akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Tangu jana yake alikuwa amefyonza vipande vya mosambi, yale machungwa matamu, tu, na makapi akayatema. Nilimsihi aende kwa daktari wa uwanja. Akasema akisimama atakuwa sawa. Inspekta ameniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikwenda kwa daktari. Nilifika hadi mlangoni. Nikawaza kwamba nikisema, nitakuwa nimemfungia mwenzangu riziki, na huenda ni hofu yangu tu. Nikarudi kuvaa.

Zilikuwa mbio za tano, mita elfu mbili, majira ya saa kumi alasiri. Mimi nilimpanda Parijat. Asiyeijua kazi hii hudhani sisi tumekaa. Hatukai. Tunasimama kwa ncha za vidole, magoti yamekunjwa, mgongo umelala, na chini yako kuna mnyama wa kilo mia tano asiyetaka kusubiri. Baada ya mita elfu moja mapaja yanawaka moto. Hiyo ni kwa mtu aliyekunywa maji.

Kwenye kona ya mwisho Vanraj alikuwa ubavuni mwangu, kwenye uzio, upande wa kulia. Bhanwar ana kawaida ya kumsemesha farasi wake kwenye kona, tena kwa matusi ya kwao. Sikumsikia. Nilitazama, nikaona kichwa chake kinayumba kama cha mtu anayesinzia kwenye treni. Nilimwita. Hakugeuka. Mguu wake wa kushoto ulichomoka kwenye kikuku cha tandiko, naye akaanza kuniegemea.

Nyuma yetu kulikuwa na farasi saba. Akianguka pale, wangempitia wote.

Kwanza nilizikamata hatamu za Vanraj. Huo ndio mkono unaoonekana kwenye video ya mbio, ni mkono wangu, na ni kweli nilivuta. Kisha nikaziachia nikamshika Bhanwar mkanda wa suruali, hatamu za Parijat nikiwa nazo mkono wa kushoto. Nilimkaza kwenye paja langu na kuwatoa farasi wote wawili nje, mbali na uzio. Wale saba walitupita ndani. Matope yalinijaa machoni. Sikuweza kuwaza lolote isipokuwa kwamba vidole visifunguke.

Tuliposimama, saisi, mtunzaji wa Vanraj, alikuja mbio akampokea Bhanwar kwa mikono miwili. Alikuwa hana fahamu. Wakati huo watu jukwaani, waliomwekea Vanraj fedha, walikuwa wanapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Nikageuka kuangalia mwizi ni nani. Viti vilirushwa, na jiwe likanipiga juu ya jicho.

Hospitalini daktari alituuliza, mimi na shemeji, mgonjwa amemeza nini. Shemeji alinivuta kando. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, vidonge usivitaje. Watamfungia. Hajui kazi nyingine, unajua hajui."

Daktari alisema moyo unapiga vibaya, na asipojua alichomeza atakuwa anatibu gizani. Nilimtazama shemeji, kisha nikataja vidonge. Shemeji alisema tu, "Basi umemmaliza," akaenda kukaa kiti cha mbali. Sikulala. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wanakuja kutuambia.

Asubuhi hii niliitwa hapa kabla hajaamka. Najua kwamba kwa maelezo haya naweza kumnyima leseni Bhanwar, na nisipoyatoa nitanyimwa mimi. Nilitaka kupata njia ya katikati. Haipo.

[Hapa maelezo yalisimama. Shahidi alipokea simu kwa ruhusa yangu. S.J.]

Aliyepiga ni shemeji Kesar. Amesema Bhanwar amefumbua macho. Figo zimeanza kufanya kazi. Daktari amemwambia kwamba dawa waliyotaka kumpa jana kabla sijasema ingeusimamisha moyo. Kuhusu kupanda farasi tena, daktari amesema huenda ndiyo basi. Kisha shemeji akaniambia, "Kaka, njoo. Anakuuliza. Anataka kujua nani alishinda."

Sikujua. Nilimuuliza Inspekta, naye hakujua, ikabidi amwite konstebo kutoka nje. Konstebo amesema alishinda farasi namba sita.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, na mengine sina. Nimesomewa kwa Kimarathi, nimeona hayakuongezwa wala kupunguzwa.

(Sahihi) M. T. Kharat

Maandishi ya ofisa: Yametolewa mbele yangu kwa hiari. Shahidi ametia sahihi kwa mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wake wa kulia vimevimba na havikunjiki. Alipoulizwa tangu lini, alisema hakuwa ameviangalia. Ameruhusiwa kwenda hospitalini.

(Sahihi) Inspekta S. Jagtap