Kukhu, Ni Mimi Niliyetupa Hotpoti

Kukhu wangu mpendwa,

Wasichana wenzangu hapa Mwihoko huwaita nyanya zao cucu. Mimi nilikuita kukhu, kama tunavyosema kwetu Bungoma, na ulipokuja kukaa nasi ili uwe karibu na hospitali, ploti nzima ilikuita hivyo. Unajua mimi si msemaji. Mgeni akiniuliza jina langu, namjibu nikiangalia vidole vya miguu. Wewe peke yako ulinisubiri mpaka nimalize sentensi. Ndiyo maana neno hili linanichoma zaidi: wewe uliyenisubiri, ndiwe niliyekudanganya.

Nianze na Jumapili zetu. Tukitoka kanisani ulikaa kwenye stuli mlangoni, karai la mboga ya mrenda mapajani, ukichambua. Nami nilikaa sakafuni na ile laptopu kuukuu ambayo papa, yaani baba, aliinunua Thika kwa fundi mmoja karibu na kiwanda anachofanyia kazi. Wewe ulitaja jina, mimi nikaandika. Nani alimzaa nani, aliolewa wapi, mama yake alitoka ukoo gani, nani amerithi jina lake. Ulisema watoto wanaokulia huku Ruiru, wasipoyajua haya, wataoana na ndugu zao kama kuku.

"Kwetu huoi mahali nyanya yako alitoka," ulisema. "Hata msichana awe mrembo namna gani."

Wekesa, kaka yangu, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. "Kukhu, sasa nitakuwa naomba kitambulisho cha nyanya kabla hata ya kusema niaje?"

"Omba! Na cha mama yake pia."

Ulitaka niandike kwenye daftari. Nilikwambia daftari hunyeshewa, daftari huliwa na panya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninajifunza mfumo wa kompyuta wa Linux peke yangu, kwa video nilizokuwa nikipakua kwenye maktaba kule Thika. Video moja ilikuwa imenifundisha kontena, nami nilikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo. Kuiweka tu ile programu ya kontena kulinichukua siku mbili. Kila amri niliyoandika, mashine ilinijibu kwamba sina ruhusa, mpaka nilipojua kuliongeza jina langu kwenye kundi la wanaoruhusiwa. Kontena ya kwanza ya majaribio ilipowaka ikaniandikia salamu, niliruka nikamwaga chai.

"Ni nani amekusalimia?" uliniuliza.

"Kompyuta, kukhu."

"Na umeitikia?"

Nilicheka mpaka nikasahau aibu, nikakueleza. Nilisema kontena ni kama hotpoti. Programu inafungiwa ndani na kila kitu inachohitaji, ukiipeleka kwa kompyuta ya jirani inafanya kazi vilevile, wala haichanganyiki na chakula cha mtu mwingine. Nilikwambia nimetengeneza programu yangu ndogo ya majina, na majina yako yote yamo ndani ya hotpoti hiyo.

Uliacha kuchambua. "Sasa hotpoti ikitupwa, chakula kinabaki wapi?"

"Nani hutupa hotpoti, kukhu?"

Hilo swali lako, kukhu, ndilo swali lenyewe. Wanaoandika kuhusu kontena wanalirudia kila mahali: kontena ni kitu cha kutupwa, kwa hiyo usiweke ndani yake kitu unachokipenda. Tengeneza folda nje, kwenye diski ya kompyuta, kisha uiunganishe na kontena, ili siku kontena ikiondolewa faili zibaki. Nilikuwa nimepita juu ya mstari huo nikiharakisha kufika mwisho wa video. Nilikuwa nazima kompyuta na kuiwasha, naianzisha kontena tena, na majina yote yapo. Nikadhani hiyo ndiyo salama.

Unakumbuka ile siku Wekesa alitupeleka Thika kuona maporomoko ya Chania? Watu walikuwa wanapigana picha, wewe ukasimama umekunja mikono. "Haya ndiyo mmenitoa nyumbani kuja kuona? Kwetu, kwa maporomoko ya Nabuyole, haya ni maji ya kuoshea sufuria." Halafu uliyaangalia sana, ukanitajia dada ya mama yako aliyevuka mto Nzoia akaolewa ng'ambo. Ulinitajia jina lake, wanawe, na ukoo alioolewa. Ulisema hata papa hajui hayo. Tuliporudi nilikuandikia kabla sijavua viatu. Wewe ukalala mchana kutwa kesho yake, kama mtu aliyetua mzigo.

Wiki chache baadaye, Jumamosi asubuhi, diski ilijaa. Nilitaka kujaribu programu nyingine, nikatafuta namna ya kupata nafasi, nikakutana na amri ya kusafisha. Kompyuta ilinionya kabisa kwamba itaondoa kontena zote zilizozimwa. Ikaniuliza kama nina uhakika. Kontena yako ilikuwa imezimwa, kukhu, kwa sababu hatukuwa tunaandika siku hiyo. Nilibonyeza herufi moja. Nafasi ikapatikana, hata nikafurahi.

Nilipoitafuta kontena yako haikuwepo, na nilipoiwasha programu upya ilikuwa tupu, bila jina hata moja. Nilijaribu kila kitu nilichokijua, na nilichokijua kilikuwa kidogo. Wewe ulikuwa upande wa pili wa pazia, ukimwimbia mtoto wa jirani.

Kama ingekuwa ni hilo tu, ningeandika barua fupi. Ni kosa, na watu hukosea. Lakini uliishi majuma matano baada ya hapo. Ulikuwa na sauti yako, na akili yako yote. Ningekuja tu nikapiga magoti kando ya stuli yako niseme, kukhu, yamepotea, tuanze upya. Ungenisonya, ungeniita kichwa cha kuku, na ungeanza na jina la kwanza kabla sonyo halijaisha.

Sikusema. Papa alikuwa ameshaanza kuniita injinia mbele ya watu wa kanisa. Niliogopa kuona nyuso zao zikibadilika. Jumapili iliyofuata ulikaa mlangoni na karai lako ukasema, "Leo hatuandiki?"

Nami nilikujibu, "Tumemaliza, kukhu. Pumzika."

Uliniuliza tena ukiwa umelala, siku ambayo hukuweza tena kushika kikombe. "Majina yangu yako?"

"Yako, kukhu."

Ulitabasamu. Natamani ungekuwa umenikemea.

Tulikuzika nyumbani. Wazee walipotaka historia ya ukoo isomwe, papa alinionyesha kwa kidole, na mimi nikasema laptopu imekataa kuwaka. Uongo unaofuata huwa rahisi kuliko wa kwanza. Papa alisoma alichokijua, na kilikuwa kifupi.

Sasa Wekesa amepata msichana. Anaitwa Nelima, familia yao inakaa Membley, hapa karibu, na ungempenda, kwa sababu anacheka kwa mdomo wote na anakula mrenda bila kujifanya. Ila kwao kwa asili ni ng'ambo ya Nzoia. Wazee, waliowahi kusikia tu kwamba dada ya mama yako aliolewa huko, wamesema hakuna posa kabla ya kujua kama nyanya yake Nelima anatoka kwake. Ikiwa ndivyo, Nelima ni ndugu yetu. Papa hakuwa na wasiwasi wowote. Jumapili iliyopita, baada ya chakula, alipangusa meza kwa kiganja.

"Nasimiyu, lete ile mashine. Kukhu alituwekea."

Nilisimama, sikuenda popote. Nilimwambia yote nikiangalia vidole vya miguu, kuanzia folda ambayo sikuiunganisha hadi ile "yako" niliyokujibu ukiwa kitandani.

Wekesa aliongea kwanza. "Yaani harusi yangu imekwama juu ya herufi moja? Sista, aki, herufi moja?"

"Si herufi," papa akamwambia. "Herufi ningesamehe leo leo." Akanigeukia. "Alikuwa hapa. Alikuwa amekaa pale mlangoni, Nasimiyu."

"Najua, papa."

Alikunywa chai yake mpaka chini, polepole, wala hakupaza sauti. Kisha akasema, "Basi tulimzika mara mbili, na mara ya kwanza ulienda peke yako." Akatoka akasimama nje. Wekesa hakunisemesha mpaka Jumanne. Siku hiyo aliniwekea mandazi mezani, akasema ni ya mtu ambaye hajala tangu Jumapili.

Kukhu, dada yako mdogo bado yuko Kimilili. Papa alimpigia simu. Alisema anakumbuka kidogo, mengine yamechanganyika, na kwamba anachoka haraka. Ijumaa tunasafiri, mimi na papa. Hakuniuliza kama nataka kwenda. Alisema tu, "Utaandika wewe," na sijui kama hiyo ni adhabu au ni kitu kingine.

Nimeitengeneza programu upya. Faili ya majina sasa inakaa kwenye folda ya nje, na nimeiondoa kontena makusudi mara tatu nikaijenga tena, nikaona majina niliyoyaweka ya kujaribia bado yapo. Niliweka lako, la papa na la Wekesa. Nakala nyingine itakuwa kwenye simu ya Wekesa. Lakini kabla ya yote nimenunua daftari, lile la jalada gumu, kama ulivyotaka tangu mwanzo.

Sikuombi unisamehe upesi. Huenda ng'ambo ya Nzoia kuna jina ambalo hakuna mtu hai anayelijua tena, na Wekesa na Nelima wataishi na hilo, na mimi pia. Nitakaa sakafuni kwa dada yako, na sitamharakisha. Akichoka nitamchambulia mboga nimngoje. Na akiniuliza kama tumemaliza, kukhu, nitamwambia bado.

Lala pema, na unisalimie wale wote ulionitajia.

Mjukuu wako wa pale mlangoni,
Nasimiyu