Kisu Changu Hakijarudi

Jumatatu, 4 Ginbot

Leo alfajiri tumempasha Tsehaynesh habari ya kaka yake. Alifia Jijiga tangu Ijumaa. Mtaa mzima tulijua, yeye tu hakujua — na ndivyo inavyotakiwa. Lakini walivyoharibu! Askale kaja macho yamevimba, kalia njia nzima kana kwamba kaka ni wake. Hatujabisha hodi Tsehaynesh keshasikia kwikwi nje ya ukuta, katoka mbio na kisu cha vitunguu mkononi. Mimi ndiye niliyemdaka mkono. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuondoa visu.

Baadaye niliwasema wote. Habari ya kifo haitolewi kwa simu, wala jioni, wala kwa mtu mwenye njaa. Mtu anaachwa ale, alale, apate nguvu za kulia. Visu na mikasi vinaazimwa mapema, kwa kisingizio chochote. Mapipa yanajazwa maji, maana nyumba itajaa watu. Kisha alfajiri mnakwenda wengi, kimya, na wa mbele awe aliyefiwa karibuni — huyo mikono yake inajua pa kushika. Kazi hii naifanya mtaa huu tangu nywele zangu nyeusi. Siku hizi watu wanajua kuchezea simu tu. Kudanganya kwa heri hawajui.

Fozia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanitania: "Dada Zenebech, siku yako wewe nani atatupangia?" Nikamwambia siku hiyo mtampasha mwanangu Mihret, na mtaharibu vile vile. Wakacheka. Mimi miguu inaniuma, nikarudi kulala.

Jumatano, 6 Ginbot

Joto. Maji hayajatoka bombani tangu juzi. Paka kalala ndani ya beseni tupu, na mimi namwonea wivu.

Watu wa barabara wamepita na rangi nyekundu. Kila ukuta wa upande wetu umechorwa alama, wangu umechorwa mbili. Wanataka kila nyumba irudi ndani kidogo ili barabara ipanuke — yaani bajaji zipite mbili mbili zikipiga honi, badala ya moja moja. Wenzangu wote wamekubali. Mimi sijakubali. Ukuta ukirudi, mwarobaini unakatwa. Marehemu mume wangu aliupanda mwaka alioajiriwa reli, na bembea ya Mihret ilikuwa inafungwa pale. Kamba imeacha alama kwenye tawi mpaka leo. Basi mimi ndiye adui wa maendeleo! Tingatinga haliji mpaka Zenebech akubali, na mtaa mzima unanikodolea macho.

Askale ndiye aliyelitoa la moyoni, kwenye kahawa kwa Fozia, kabla ya Pasaka. Ati ukuta wenyewe umejengwa kwa jasho la Mihret huko Beirut, naukumbatia wa nini? Mbele za watu! Niliweka kikombe cha pili chini sijakimaliza, nikatoka. Tangu hapo sijanywa kahawa ya mtu. Nakaanga buni zangu, nanywa vikombe vyote vitatu vya desturi peke yangu. Kahawa ya peke yako haina ladha, lakini haina maneno.

Nani alimpeleka Beirut? Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Mimi nilimfungia mzigo tu.

Alhamisi, 7 Ginbot

Nimekwenda ng'ambo, Kezira, kutafuta dawa ya miguu. Nimevuka Dechatu kwa chini, maana mto wenyewe ni mchanga mtupu. Vijana wanacheza mpira humo, mbuzi wanakula karatasi. Wamesahau mto huu ukija unakuja usiku na unabeba nyumba. Kisichosahaulika mji huu ni kutafuna miraa tu. Ikifika saa saba mchana kila mtu kashika kichane, shavu limetuna. Muuza dawa naye! Kaniangalia kama ndoto, kanipa dawa ya kikohozi.

Nimepita stesheni ya zamani. Lango limefungwa. Zamani treni ikiingia kutoka Djibouti mji mzima ulikuwa unanawa uso. Sasa kuna stesheni mpya huko nje ya mji, mbali, kama vile wanaona aibu nasi.

Dawa ya miguu sikupata.

Jumapili, 10 Ginbot

Mihret kapiga! Baada ya kanisa, kama kila Jumapili. Simu inakoroma, neno moja nasikia, mawili yanapotea. Anakohoa. Nikamuuliza kikohozi cha nini, akasema ni vumbi la mazulia, mama, usianze. Bibi anayemfanyia kazi za nyumbani kamhamishia chumba cha juu, karibu na tangi la maji. Akauliza mwarobaini bado una kivuli? Nikamwambia una kivuli na una maadui. Alicheka. Kicheko chake nilikisikia vizuri.

Kisha akaniharibia. "Mama, mpigie mjomba Ashagre. Sukari imempanda, wamemlaza." Ashagre ni ndugu yangu wa tumbo moja, na aliuza nyumba ya mama yetu kule Awash bila kuniuliza. Nilibadilisha namba ya simu makusudi ili yeye na watu wake wasinipate, na hawajanipata. Mihret anazungumza na binamu zake, shauri yake. Mimi namba yangu nilimkataza asiwape.

Akasema na simu ubadilishe, mama, ni mbovu hiyo, sikusikii. Ikakatika.

Nimelia kidogo. Kwa sababu ya simu.

Jumatano, 13 Ginbot

Maji hakuna. Umeme hakuna. Alama nyekundu ziko pale pale.

Ijumaa, 15 Ginbot

Ajabu ya leo! Asubuhi na mapema kaja Fozia. Kasimama mlangoni, haingii, hatoki. Anataka kisu. Chake kimepotea. Tangu nimjue Fozia hajapoteza hata kifungo, leo kapoteza kisu! Nikampa. Akauliza na kile kidogo. Nikampa. Akauliza mkasi. Nikamwambia chukua na mwiko basi, uhame na jiko zima. Hakucheka. Kachukua mkasi, kausitiri ndani ya mtandio.

Halafu akaiona simu yangu mezani. "Hii si ndiyo inayokoroma? Nipe nimpelekee fundi, leo napita sokoni." Nikasema Jumapili Mihret anapiga. Akasema itakuwa imepona, dada, itakuwa imepona. Kaondoka nayo upesi upesi, hata kahawa hakungoja. Nikajisemea, amekuwa na huruma lini huyu?

Jioni, Askale! Askale kwa miguu yake! Kaja kuomba msamaha. Kainama, kanishika magoti kama mtoto, anasema ulimi wake ndio mbaya, roho yake si mbaya. Nikamwacha ainame kidogo. Nilisubiri mwezi na zaidi kuuona utosi wake.

Si mjinga mimi. Mkono mtupu haulambwi. Wamekaa kikao, wamesema mwanamke huyu kwa ukali hapatikani, tumwendee kwa asali. Tingatinga linasubiri. Ukuta wangu ndio unaoombwa msamaha, si mimi!

Jumamosi, 16 Ginbot

Nimeitwa kahawa. Nimekwenda — nisikie tu watafika vipi kwenye habari ya ukuta. Wametandika majani mabichi sakafuni kama sikukuu. Kikombe cha kwanza kapewa nani? Mimi. Mto wa kuegemea? Mimi. Tsehaynesh na msiba wake mbichi kaketi karibu yangu, kanishika mkono, haachii. Mkono wake wa moto. Nikamwambia pole yako mwenyewe bado hujaimaliza, unanipa mimi? Kaangalia chini.

Nikawajaribu. Nikamwambia Askale mwanawe anatafuna miraa mpaka mbuzi wanamsalimia. Siku nyingine angenirarua. Leo kasema, ni kweli, dada. Ni kweli! Nikasema maziwa ya Fozia yana maji. Fozia akasema yana maji. Nikaona hawa wamedhamiria. Nikalitoa mwenyewe: "Ukuta sirudishi. Mkae mkijua."

Wakatazamana.

"Usirudishe, dada," Fozia akasema. "Kula."

Akanimegea injera, akanilisha kwa mkono wake. Macho yamemjaa maji. Nikamuuliza unalia nini, akasema ubani una moshi. Ubani ulikuwa kona ya pili huko. Askale akaingia jikoni, akakaa huko mpaka tukamaliza kikombe cha tatu.

Nimerudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nimechukia pia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na ugomvi ukibaki tumboni unauma kuliko njaa.

Jumapili, 17 Ginbot

Mihret hajapiga, na atapiga wapi? Simu iko kwa fundi. Fozia anasema kifaa kinangojwa kutoka Djibouti. Nikasema nipe yako nimpigie mwanangu. Haina salio. Askale? Haina chaji. Tsehaynesh kaiacha nyumbani. Mji mzima watu wanatembea na simu kama rozari, leo hakuna mwenye simu! Anakohoa yule. Nataka kujua kikohozi kimefika wapi. Atadhani nimemsusa.

Kanisani nimesalimiwa na watu ambao huwa hawanioni. Mmoja kanibusu mabega mara nne. Nikamuuliza nakudai? Akakimbia.

Mchana Mzee Lemma, mkuu wa chama chetu cha mazishi, kaleta maji kwa punda. Kajaza mapipa yangu yote, hata lile linalovuja kaliziba kwa tambara. Nikasema mzee, mimi sijaomba. Akasema joto hili, binti yangu, maji hayaombwi. Nina miaka zaidi ya sitini na ananiita binti yangu. Nikamshukuru shingo upande. Maji ni maji.

Nimeona mabenchi ya chama yameegemezwa ukutani kwa Fozia, na turubai limekunjwa juu yake. Nikauliza. Ati mpwa wake anaoa. Harusi, na mimi sijaalikwa! Kikombe cha kwanza nipewe mimi, mto nipewe mimi, na harusi wanifiche. Nimewajua. Asali imekwisha, sasa nauona mzinga.

Jioni Askale kaleta mchuzi wa kuku wenye mayai, kakaa mpaka nimemaliza. Mwenyewe hakula. Nikamwambia mwambie Fozia anirudishie kisu changu, kuku huyu namkata kwa nini? Akasema mnyofoe kwa mkono, dada. Atakirudisha. Kabla ya kuondoka kanifunika miguu na shuka. Joto hili! Nimeitupa.

Nimeshiba. Nalala.

Jumatatu, 18 Ginbot

Sijui ni saa ngapi. Bado hakujapambazuka sawasawa. Nimeamshwa na miguu — mingi, na hakuna anayezungumza. Mbwa wa Fozia kabweka mara moja tu, kuna mtu kamnyamazisha.

Nimechungulia kwenye ufa wa lango. Wamejaa mpaka kwenye mtaro. Wanawake shuka zao nyeupe wamezigeuza, pindo liko juu shingoni. Hatuzivai hivyo ila kwa jambo moja. Mzee Lemma na vijana wamebeba mabenchi. Tsehaynesh ndiye wa mbele.

Kisu. Mkasi. Kuku. Mapipa. Ee Mungu wangu, mapipa!

Mganga hajigangi. Nimeifanya kazi hii miaka yote, na wamenifanyia siku tatu machoni pangu, nikala, nikashiba, nikawatukana.

Nimerudi mezani. Naandika kwa sababu nikiandika sifungui. Lango likiwa limefungwa hakuna aliyekufa. Bado ni asubuhi ya kawaida, maji yapo, mwarobaini upo.

Nimebakiwa na watu wawili duniani. Ni nani?

Ashagre. Amelazwa, Mihret kasema mwenyewe. Sukari. Ni mtu mzima. Iwe Ashagre. Ndugu yangu wa tumbo moja, tumelala mkeka mmoja, na naomba awe yeye. Nimeandika, na sifuti. Nyumba ya mama nimemsamehe, abaki nayo huko aliko. Iwe yeye, nitamlilia kuliko nilivyomlilia mume wangu, nitakwenda Awash leo hii, nitajikwaruza uso.

"Dada Zenebech," Tsehaynesh anaita. Taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto. "Dada, umeamka?"

Nazidi kuandika.

Askale yupo nyuma ya Fozia, nimemwona. Halii. Kajifunga mdomo kwa shuka, kasimama wima. Amejifunza. Wote wamejifunza. Hakuna kitu hata kimoja walichokosea.

Ila simu. Simu ya nini? Watu wa Awash hawana namba yangu. Kwa ajili ya Ashagre hakukuwa na haja ya kuchukua simu.

Wanabisha tena.

Lakini ilikuwa inakoroma ile. Tangu mwaka jana inakoroma. Lazima ipelekwe kwa fundi. Ni mbovu, Mihret mwenyewe alisema.